Springi za Elimringi

Mektilda alikuwa amepanda kwenye kigoda anapanga gasketi kwenye shubaka la juu, kijana akaingia dukani akagonga kaunta kwa kidole.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Karibu, nashuka.”

Duka lake lipo Gerezani, pembeni kidogo ya Kariakoo, limebanwa katikati ya muuza matairi na muuza betri aitwaye Mrisho. Ni duka la spea za injini. Watu wa mtaa humwita Mama Allen, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wengi wamesahau kwamba zamani duka lilikuwa la mumewe, Elimringi. Maghorofa yamepanda pande zote, nyumba za bati zilizokuwepo alipokuja mjini zimebaki kuhesabika, lakini kaunta ni ileile, mbao zimekuwa nyeusi kwa oili.

Kijana alikuwa nadhifu, ndevu zimechongwa vizuri. Alisema anaitwa Zayed, anauza mapazia na mama yake upande wa sokoni. Akafungua kipande cha kitambaa cha pazia akatoa springi ya valvu iliyokatika vipande viwili.

“Natafuta kama hii, mama. Moja tu.”

“Moja haibadilishwi,” Mektilda akamwambia. “Ikikatika moja, jua wenzake nao wamechoka. Gari gani?”

“Datsun. Ya zamani sana, utanicheka. Ilikuwa ya mashindano.”

Mektilda alichukua kile kipande akasogea nacho mlangoni kwenye mwanga. Akakigeuza. Kwenye mzingo wa mwisho kulikuwa na tone la rangi nyekundu, limefifia, limeingia ndani ya chuma kana kwamba limezaliwa nacho. Akalikwaruza kwa ukucha. Halikutoka.

Akarudi akaketi kwenye kigoda. Zayed akadhani mama wa watu amepatwa na kizunguzungu.

“Hiyo gari,” Mektilda akauliza, “mlango wa abiria unafunga wenyewe, au mpaka uunyanyue?”

“Mpaka uunyanyue.” Kijana akamkodolea macho. “Umejuaje, mama?”

“Ujana wangu wote nilikuwa naunyanyua mimi. Na hii si rangi ya kiwandani, mwanangu. Hii ni rangi yangu ya kucha.”

Alikuja Dar es Salaam akiwa bibi harusi kutoka Kibosho, miaka ile ya shida ya kila kitu, sukari kwa foleni na sabuni kwa bahati. Ndoa yenyewe ilikuwa imeleta maneno huko mlimani, maana yeye ni Mkatoliki na Elimringi ni Mlutheri wa Machame, lakini wazee walinywa mbege wakayamaliza. Mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha unga, barabara ya Pugu. Alimwandikia kwamba amepata nyumba nzuri Ilala, vyumba viwili, uani kuna nafasi na meza kubwa. Mektilda akafungasha sahani zake za harusi kwenye majani makavu ya migomba, zisivunjike safarini, akiifikiria ile meza.

Alipofika akaikuta meza. Juu yake kulikuwa na silinda hedi ya gari, imefumuliwa, valvu zimepangwa kama vijiko.

“Hii itaondoka kesho,” Elimringi alisema.

Haikuondoka. Sahani zilikaa chini ya kitanda mpaka Allen alipozaliwa.

Gari lenyewe alilipata kwa familia moja ya Upanga iliyokuwa inahama nchi. Injini ilikuwa imekufa, na yeye na rafiki yake Ubeid walilivuta kwa kamba kupitia Jangwani, watu wanawazomea, mpaka uani Ilala. Wakalifumua na kulifufua. Ubeid alikuwa mtoto wa Waarabu wa Kariakoo ambaye baba yake alitaka akae dukani apime vitambaa kwa wari. Badala yake akaenda kujifunza kusaga valvu na kuchonga silinda hedi. Mama yake alikuwa akisema mwanawe kaacha hariri kafuata masizi, na bado kila wikiendi alimtuma na halua kwa ajili ya “mke wa yule Mchaga”.

Kazi ambayo Mektilda aliipenda, ingawa hakuwahi kuikiri, ilikuwa ya kupima springi. Spea mpya hazikupatikana, kwa hiyo Elimringi alikusanya springi za kale kutoka kila gereji akawa anachambua. Alikuwa na drili ya kusimama iliyotolewa msumari, na chini yake mizani ya kupimia watu aliyoipata kwenye zahanati iliyofungwa. Springi inawekwa juu ya mizani, yeye anavuta mkono wa drili, springi inabanwa mpaka kimo kilekile itakachokuwa nacho ndani ya injini. Mektilda alipiga magoti kusoma mshale.

“Soma, mke wangu.”

“Arobaini kasoro kidogo.”

“Huyo ni ndugu yake wa kwanza. Weka huku. Soma.”

“Huyu kalegea.”

“Huyo arudi kwao.”

Zilizokubaliana alizitia alama. Kwanza alitumia chaki, ikayeyuka kwenye oili. Siku moja Mektilda akakuta chupa yake ya rangi ya kucha, zawadi ya dada yake wa Moshi, ipo kwenye meza ya injini, imebaki nusu. Alinuna wiki nzima. Tangu siku hiyo, kila Elimringi aliponunua rangi ya kucha alinunua chupa mbili: moja ya springi, moja ya mke wake.

Alikuwa mwimbaji wa besi kanisani, na injini aliisikiliza kwa sikio hilohilo. “Hii ni kwaya,” alimweleza. “Kila valvu ina zamu yake ya kufungua mdomo na kufunga. Springi ndiyo inayoifunga. Moja ikichelewa, wote wameharibikiwa.”

Siku za mashindano walikwenda njia za vumbi za Kisarawe. Mektilda alibeba machalari ya ndizi na nyama kwenye hotipoti, Ubeid kahawa. Hawakuwa watu wa kushinda sana. Mara moja walishika nafasi ya pili, na Elimringi alirudi Ilala amekaa juu ya boneti kama bwana harusi, Ubeid anaendesha polepole, majirani wametoka na masufuria wanapiga. Siku za mazoezi alimchukua mke wake kiti cha pembeni. Injini ilipanda, ikapanda, na ilipofikia sauti fulani, nyembamba, ya juu, mkono wa Elimringi ulikwenda kwenye gia. Kila mara mahali palepale. Mektilda aliijua ile sauti kuliko wimbo wowote. Alidhani ndiyo adabu ya mumewe, kwamba ni mtu anayejua pa kuishia.

Elimringi alifariki kwa ugonjwa wa moyo, Allen yuko sekondari, mdogo wake Caroline bado shule ya msingi. Walimpeleka Machame, wakamzika kwenye kihamba, shamba la ukoo wa baba yake. Mektilda aliporudi mjini alilikuta gari uani chini ya turubai. Hakuweza kuanika nguo bila kulipita. Akaliuza kwa mtu wa kwanza aliyeuliza, na siku lilipokuja kuvutwa alijifanya ana shida ya nyanya akaenda zake soko la Ilala. Alipofika huko alisimama mbele ya mafungu, muuzaji anamwita, yeye hasikii.

Ubeid alikuja kumjulia hali mara kadhaa. Lakini kila walipoanza kuongea, maneno yalikwenda kutumbukia kwenye shimo moja, wote wawili wakanyamaza. Mwisho akaacha kuja. Miaka ikapita, mmoja Gerezani, mwingine Shaurimoyo, mitaa ya kutembea kwa miguu.

“Mrisho,” Mektilda aliita jirani, “niangalizie duka.” Kisha akamwambia Zayed, “Twende. Kuna mtu anayeijua injini hiyo kuliko mimi.”

Njiani, huku wakikwepa mikokoteni, kijana alimweleza ugonjwa wa gari. Likiwa polepole ni zuri. Ukikanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ukipanda juu, injini inaanza kupasuka sauti, nguvu zinakwisha, inalia kama bisi kwenye sufuria. Amebadilisha plagi, amesafisha kabureta, wapi. Ndipo fundi mmoja akafungua kifuniko cha juu akakuta springi imekatika.

Ubeid alikuwa amekaa mlangoni pa karakana yake, miwani imefungwa uzi, ndevu nyeupe. Alimtazama mwanamke anayekuja, akatazama tena. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

“Shemeji! Shemeji Mektilda!”

“Mimi, Ubeid. Umezeeka.”

“Na wewe umeanza kusema kweli.” Akacheka, na macho yake yakalowa, akajifanya anafuta miwani.

Alipoonyeshwa ile springi hakuuliza ni ya nani. Alipapasa lile tone jekundu akasema tu, “Lileteni gari.”

Likaletwa. Mektilda alilikuta karakanani limepakwa rangi nyingine, viti vingine, lakini aliunyanyua mlango kidogo ukafunga, tak, akabaki amelishika. Ubeid alikuwa ameshainamia injini.

“Njoo uone Mungu anavyopenda watu, Zayed. Kila valvu ya injini hii ina springi mbili, kubwa nje, ndogo ndani. Iliyokatika ni kubwa. Hii ndogo ndiyo imeishikilia valvu peke yake. Ingeiachia, valvu ingedondokea kwenye pistoni, na hapa tungekuwa tunaongea habari ya vyuma chakavu.”

“Na ule mlio wa bisi?”

“Springi zimelegea. Injini ikienda mbio, kemshafti inaisukuma valvu ifunguke, springi inatakiwa kuirudisha kabla ya zamu inayofuata. Imechoka, haiwahi. Valvu inaelea hewani, haijafunga, na moto unatoka ovyo. Na tazama hapa.” Akapitisha kidole kwenye kemshafti, mgongoni mwa nundu moja, ambapo chuma kilikuwa kimechubuka. Juu yake kulikuwa na kibomba chembamba cha kumwagia oili. Vitundu vyake viwili vilikuwa vimeziba kwa tope gumu. “Hii ilikuwa inakwenda kavu. Ugonjwa haukuwa mmoja.”

Mektilda alirudi Ilala, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani yake, kwenye grisi, zilikuwemo springi nyingine, seti nzima, zote na alama nyekundu. Elimringi aliziweka hapo kwa mkono wake, na yeye hakuwahi kuziuza ingawa ameuza kila kitu kingine. Siku zote alijua kwamba mumewe alizihifadhi kwa ajili ya mashindano mengine ambayo Mungu hakumjalia. Sasa gari limerudi. Ilionekana kama jambo lililopangwa.

Kesho yake aliliweka kopo mbele ya Ubeid.

“Hizi hapa. Alituachia.”

Ubeid alizifuta moja moja kwa petroli. Hakuonyesha furaha aliyoitegemea Mektilda. Akasogeza mashine yake ya kubania springi, mpya, lakini kazi ni ileile, akaweka ya kwanza.

“Soma, shemeji. Macho yangu si ya zamani.”

Mektilda aliinama. Mshale ulipanda ukasimama mapema mno.

“Rudia,” alisema.

Akarudia. Mshale ukasimama palepale. Ya pili ikawa dhaifu zaidi. Ya tatu na ya nne hazikulingana hata kidogo. Ubeid alizisimamisha zote juu ya kioo bapa, na hata kwa macho matupu ilionekana: nyingine ndefu, nyingine zimejikunja kwa uzee.

“Zimekaa kwenye grisi miaka yote hii,” Mektilda alisema, sauti imepanda. “Hata kutu hazina.”

“Grisi inazuia kutu, shemeji. Uchovu haiuzuii.” Ubeid alivuta kiti akaketi mbele yake. “Hizi hazikuwa mpya. Alizitoa kwenye injini akaweka zile alizokuja nazo huyu kijana, ambazo zilikuwa na nafuu kidogo. Alizitoa kwa sababu zimekwisha. Unamjua Elimringi, kitu hatupi. Hata msumari uliopinda aliunyoosha.”

“Kwa hiyo hakuzihifadhi.”

“Alishindwa kuzitupa tu.”

Mektilda alitazama zile springi. Nje mtu wa mkokoteni alikuwa anapiga miluzi apishwe. Alihisi kama mtu aliyelinda mlango wa nyumba kwa miaka, halafu anaambiwa ndani hamna kitu. Kisha, polepole, likamjia jambo lingine.

“Ubeid. Ile sauti aliyokuwa akifika anabadilisha gia. Kila mara palepale.”

“Springi hizohizo. Alijua akipita pale valvu zitaelea. Mpya hatukuzipata, shemeji, tulitafuta mpaka kwa mabaharia. Kila safari alikuwa anasema, siku moja nitaipitisha pale nione inafika wapi.” Ubeid akatikisa kichwa. “Zilipoanza kupatikana, keshapata duka, watoto wanasoma, gari limekaa.”

Alikuwa hajawahi kuambiwa hilo. Ajabu ni kwamba halikumuumiza. Ilikuwa kama kusikia sauti ya Elimringi ikisema neno jipya.

Zayed alikuja mchana na simu yake, amefurahi. Amezipata springi za mashindano huko nje, ngumu kuliko zote, anataka kuagiza.

“Ngumu kwa ajili ya kemshafti gani?” Ubeid akamuuliza.

“Hii hii. Si ngumu ndiyo nzuri?”

“Baba, springi inachaguliwa na kemshafti, haichaguliwi na moyo. Ukiweka ngumu kupita kiasi, valvu itafunga, sawa. Lakini itakula kemshafti, itakula roka zinazobonyeza valvu, na injini itamaliza nguvu zake inapigana na springi badala ya kusukuma gari. Tunataka ya kutosha, na akiba kidogo juu yake. Basi.”

Zayed alimgeukia Mektilda, akitumaini huruma.

“Mimi nauza spea,” Mektilda akasema, “nikikwambia nunua kidogo, niamini.”

Kijana akacheka, akafuta agizo lake. Mektilda mwenyewe alipiga simu kwa mfanyabiashara mwenzake anayeleta mizigo kutoka Dubai, akamtajia unene wa waya, kimo na uzito Ubeid alioutaka. Kemshafti nayo ikapatikana nyingine, kibomba cha oili kikazibuliwa tundu kwa tundu.

Springi zilipofika walizipima zote, Ubeid anabana, Mektilda anasoma, kama zamani uani Ilala. Zililingana. Injini ikafungwa, ikawashwa, ikanguruma vizuri. Lakini Zayed alipokwenda kuijaribu barabara ya Nyerere alirudi amenyongea: imekuwa afadhali, ila juu kabisa bado inapasuka kidogo.

Ubeid alijipiga paji la uso. “Nimezeeka kweli.” Alikuwa amepima kimo cha springi kwenye valvu ya kwanza akadhani zote ni sawa. Kumbe katika mikono ambayo gari limepitia, kuna fundi alichonga viti vya valvu nyingine vikazama. Springi zilizokaa hapo zilikuwa zimenyooka zaidi, na springi iliyonyooka haina nguvu yake yote. Alifungua tena, akapima kila moja kwa zamu, akatia washa nyembamba chini ya zile zilizozidi, kisha akazibana hadi mwisho kuhakikisha mizingo haigusani. Ilimchukua muda, na hakumruhusu mtu kumharakisha.

Jumapili moja, Mektilda akiwa ametoka misa ya kwanza, Zayed alimpitia. Ubeid alitangulia na chupa ya kahawa mpaka kwenye barabara ya vumbi ng’ambo ya Kisarawe, ambapo watu wa mashindano hufanya mazoezi. Mektilda alikuwa bado na kitenge chake cha kanisani. Akaunyanyua mlango, akaufunga, akakaza mkanda.

“Mama, ukiogopa niambie.”

“Endesha.”

Mikorosho ikaanza kukimbia pembeni. Gia ya pili, ya tatu. Vumbi, harufu ya petroli, mtetemo uleule chini ya nyayo. Sauti ilipanda na Mektilda akafumba macho, akaisikia inakaribia: ile nyembamba, ya juu, pale ambapo mkono ulikuwa ukienda kwenye gia. Ikafika. Mwili wake ukangoja ule mshtuko mdogo wa kubadilisha.

“Usiachie,” alisema.

Zayed hakuachia. Injini ikapita pale. Haikupasuka, haikulia bisi, iliendelea kupanda kwa sauti ambayo Mektilda hakuwahi kuisikia maishani mwake, safi, na yeye akajikuta anapiga vigelegele ndani ya gari kama yuko harusini, machozi yanamchirizika mpaka kwenye kidevu.

Walipogeuza na kusimama, Ubeid alikuja karibu na dirisha.

“Vipi, shemeji?”

“Imepita.”

“Sana?”

“Imepita mpaka nikaogopa.”

Ubeid aliinamisha kichwa, akasema, “Alhamdulillahi,” kwa sauti ya chini, akamimina kahawa. Wakakaa kwenye kivuli cha mkorosho huku Zayed anaendelea kwenda na kurudi peke yake. Ubeid akaanza kumsimulia siku waliyokwenda bandarini kutafuta springi kwa baharia, Elimringi akajifanya anajua Kigiriki. Mektilda alicheka mpaka akashika mbavu, akasema na yeye anayo moja, ya kuku wa jirani na tangi la mafuta. Hakuna aliyetumbukia kwenye lile shimo. Kabla hawajaondoka alimwambia Ubeid amlete mkewe Saadiya nyumbani Ilala, wale pamoja.

Walikuja wiki iliyofuata, Caroline naye akaja na wanawe kutoka Mbezi. Katikati ya chakula simu ya Allen ikalia kutoka Mwanza. Alisikia vicheko, akauliza kuna sherehe gani nyumbani.

“Hamna sherehe,” mama yake akamwambia. “Tunaongea habari za baba yako. Una nafasi? Basi kaa usikilize, Ubeid ndiyo kwanza anaanza.”